Dar mpaka New York: upite Nairobi, Addis, Doha au Istanbul?

Tuanze na ukweli ambao wengi wanauzunguka, hakuna ndege ya abiria inayotoka Dar ikaenda New York bila kutua popote. Kwa hiyo ukiambiwa na mtu wa wakala "nina direkti ya Marekani" muulize vizuri direkti kutoka wapi, maana ukikaa vibaya unalipia direkti ya Nairobi halafu kufika Nairobi ni juu yako. Kinachobaki kuchagua ni utatua wapi katikati, na hapo ndo watu wanakwama wiki nzima wanafungua kurasa za tiketi, hii ni rahisi lakini ina masaa 38, ile ina masaa 19 lakini bei inatisha, nyingine ina transiti ya dakika 70 mpaka unaogopa hata kuibonyeza.

Mstari ulionyooka kutoka uwanja wa Julius Nyerere mpaka JFK, uwanja mkubwa wa New York, ni kama kilomita 12,440. Huo ndo ufupi wake wote, yaani ukivuta uzi juu ya tufe la dunia kutoka Dar mpaka New York utapita kanda ya ziwa, utaikata Afrika ya kati, utavuka Sahara, halafu Atlantiki mpaka Marekani. Kwenye ramani ya ukutani unaonekana umepinda lakini ndo njia fupi kuliko zote. Njia nyingine zote ni huo mstari ukiuvuta pembeni kidogo au sana, na nitakuonyesha kila mji unauvuta kiasi gani.

Nimechukua minne tu, Nairobi, Addis, Doha na Istanbul. Dubai nimeiacha kwa sababu mambo yake mengi yanafanana na Doha ila inakuongezea kilomita kama 400, jumla inakaribia 15,000. Amsterdam kwa hesabu ni nzuri, kama 13,200, ila KLM ya Dar mara nyingi inagusa Zanzibar au Kilimanjaro njiani kwa hiyo ile faida ya ufupi inaliwa hapo hapo nyumbani.

Tunapima nini

Umbali, yaani kilomita za vipande vyote ukivijumlisha. Masaa ya hewani, ambayo ni tofauti na umbali na nitaeleza kwa nini. Masaa ya kusubiri chini. Begi na makaratasi. Halafu inamfaa nani. Bei sitaandika kwa sababu ikifika Juni mpaka Agosti na Desemba zinapanda mpaka hazieleweki, ukisoma namba hapa leo kesho itakuwa uongo.

Kuhusu masaa ya hewani, kuna hesabu ya haraka ambayo inasaidia usidanganywe. Chukua kilomita, gawanya kwa 900, ongeza nusu saa ya kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka. Hiyo ni kwa siku isiyo na upepo. Ukielekea magharibi kama sisi tunavyoenda Marekani, upepo mkali wa juu unakuja usoni, ongeza tena saa moja au zaidi. Ukirudi mashariki upepo huohuo unakusukuma mgongoni, ndo maana watu wanashangaa kwamba kurudi ni haraka kuliko kwenda, wakati umbali haujabadilika hata mita.

Halafu kuna habari ya saa, na hapa pana kitu kizuri ambacho watu wengi hawajakigundua. Dar, Nairobi, Addis, Doha na Istanbul zote zina saa moja. Uturuki iliacha kurudisha saa nyuma mwaka 2016 ikabaki hapohapo tulipo sisi. Kwa hiyo kwenye njia zote nne hubadilishi saa ya mkononi mpaka ufike New York kwenyewe, na hapo unarudi nyuma masaa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba, na masaa 8 miezi mingine. Saa mbili usiku Dar mwezi wa saba, New York ni saa saba mchana. Ukiona tiketi imeandikwa umeondoka saa tano na nusu usiku ukafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi usifurahi kwamba ni masaa saba tu, ongeza saba mengine uliyoyarudisha au manane kama ni baridi.

Na kingine kabla sijasahau, tiketi inaandika saa kwa mtindo wa 24. Ukiona 00:40 tarehe 15 hiyo ni usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani eapoti unatakiwa uende tarehe 14 jioni. Wapo wanaofika tarehe 15 usiku na mabegi yao na ukoo mzima umewasindikiza, ndege iliondoka jana. Ndege nyingi za mbali kutoka Dar zinaondoka usiku wa manane kwa hiyo hii siyo kitu cha kuchukulia poa.

Nairobi

*Umbali.* Dar mpaka Nairobi ni kama kilomita 670, Nairobi mpaka JFK kama 11,840. Jumla 12,510, yaani umeuvuta ule mstari pembeni kwa kilomita kama 70 tu. Kwa umbali hakuna anayekaribia hapa, Nairobi imekaa karibu kabisa na njia yenyewe.

*Hewani.* Saa moja na dakika ishirini hivi kwenda Nairobi, halafu kama masaa 15 kwenda New York. Kurudi ni kama 14 au pungufu kidogo. Hii njia Kenya Airways waliianza tarehe 28 Oktoba 2018, baada ya Marekani kuipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga mwaka 2017, na wanatumia Boeing 787 Dreamliner. Hesabu yangu ya juu inatoa kama masaa 13 na dakika 40 kwa hizo kilomita, sasa ile saa moja na zaidi imetoka wapi? Upepo, kama nilivyosema, na pia ndege hairuki mstari ulionyooka kila siku. Tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023 mashirika yamekuwa yakilizunguka anga la kule, na Libya nayo ni ya kukwepa, kwa hiyo njia halisi inakuwa ndefu kuliko ya kwenye uzi.

Kuna na suala la mwinuko. Jomo Kenyatta iko juu ya usawa wa bahari mita 1,600 na kitu, hewa ni nyepesi, ndege iliyobeba mafuta ya masaa 15 inapata taabu kunyanyuka. Ndo sababu mojawapo ndege inaondoka usiku, hewa ikiwa imepoa injini zinavuta vizuri zaidi, na bado wakati mwingine inabidi uzito uangaliwe.

*Kusubiri.* Ndege ya New York inaondoka usiku, kwa hiyo ukitoka Dar jioni unakaa Nairobi masaa mawili matatu, unapanda. Ikikaa sawa ni kama masaa 18 na nusu mpaka 19 kutoka Dar kuondoka mpaka JFK kutua, hakuna njia nyingine inayoshindana na hiyo. Ila usipoangalia unauziwa ile ya kutoka Dar asubuhi, unakaa Nairobi kutwa nzima unahesabu vigae, na ubora wote wa njia umepotea. Pia ndege ni moja kwa siku, na siyo lazima iwepo kila siku ya wiki, inategemea msimu. Ukiikosa unasubiri ya kesho au keshokutwa.

*Begi na makaratasi.* Tiketi ikiwa moja begi linapigwa stika ya JFK pale Dar na wewe unabaki ndani ya uwanja. Mtanzania hata akitaka kutoka nje Nairobi hana shida ya viza. Kwenye njia za Marekani kawaida ni mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, hii ni kwa karibu mashirika yote haya manne, ila zile tiketi za bei ya chini kabisa siku hizi zinakata begi moja kwa hiyo soma kilichoandikwa.

*Inamfaa nani.* Anayeishia New York kweli, au New Jersey jirani. Mzee au mama mwenye kubeba mtoto ambaye hataki kushuka kwenye uwanja mkubwa wa lugha ngeni. Mtu mwenye siku chache. Na Mkenya wa Nairobi bila shaka, huyo ndo ana direkti ya ukweli, wa Mombasa anaongeza kipande kimoja tu kama sisi wa Dar. Haimfai ambaye masaa 15 kwenye siti moja yanamtesa miguu, kuna watu wenye shida ya mishipa na kuvimba, hao waongee na daktari kwanza na siyo na wakala.

Addis Ababa

*Umbali.* Hapa pana mtego. Dar mpaka Addis ni kama 1,760, na Addis mpaka New York kwa mstari ni kama 11,200, jumla 12,960, unaona ni vizuri tu. Lakini ndege hazipiti hivyo.

*Hewani.* Uwanja wa Bole uko mita 2,300 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ni kama unajaribu kurukia kutoka mlimani. Ndege ikijaza mafuta ya kutosha kufika Marekani ikabeba na abiria wote na mizigo, uzito unakuwa mkubwa kuliko inavyoruhusiwa kunyanyuka pale. Suluhisho la Ethiopian ni kutua njiani. Ile ya Washington Dulles kwa miaka ilikuwa inatua Dublin kujaza mafuta wakati wa kwenda, halafu kurudi inakuja moja kwa moja kwa sababu Dulles iko chini na upepo uko mgongoni. Ya New York na Newark imepitia Lomé na Abidjan, na kule wanapakia abiria pia siyo mafuta tu. Ukipita Lomé hesabu inakuwa 1,760 na 4,150 na 8,300, jumla kama 14,200. Ile tofauti na Nairobi ambayo ilikuwa mia nne na kitu inakuwa zaidi ya 1,600.

Kwa masaa ni kama 3 kufika Addis, karibu 6 kufika Lomé, kama 11 kuvuka Atlantiki. Masaa 20 hewani, na juu yake saa moja na zaidi umekaa chini Lomé, mara nyingi ndani ya ndege hiyohiyo, wasafishaji wanapita, watu wapya wanaingia, wewe umeamka hujui ni saa ngapi.

Kwenye tovuti za tiketi hicho kituo cha kujaza mafuta mara nyingine hakionekani kama transiti kwa sababu namba ya ndege haibadiliki, kimeandikwa kwa herufi ndogo tu. Fungua maelezo yote uone.

*Kusubiri.* Ethiopian ana ndege nyingi zinazoungana pale Bole kwa mikupuo, nyingi zinafika kwa pamoja na kuondoka kwa pamoja, kwa hiyo ukibahatisha mkupuo wako unakaa masaa mawili. Ukiukosa, transiti inakuwa ndefu, na wana utaratibu wa kuwapa hoteli watu wa transiti ndefu kwa masharti yao, uliza wakati wa kukata tiketi, usisubiri kuuliza ukiwa umelala kwenye viti. Uwanja kwenye masaa ya msongamano ni fujo kidogo, nisifiche, foleni ya ukaguzi inaweza kukula dakika arobaini.

*Begi na makaratasi.* Kama juu. Ongeza kadi ya homa ya manjano, kwa sababu ukirudi Tanzania ukiwa umekaa transiti zaidi ya masaa 12 kwenye nchi yenye hatari ya homa hiyo unaweza kudaiwa, na hili linaihusu Nairobi pia.

*Inamfaa nani.* Mtu anayeenda Washington, Maryland au Virginia, ambako Waswahili wamejaa, huyo Dulles inamfaa kuliko kushuka JFK akapanda basi. Mtu wa Arusha na Moshi pia, kwa sababu Kilimanjaro mpaka Addis ipo. Pia anayependa kuivunja safari vipande vitatu vyenye ukubwa wa kuvumilika. Jambo dogo la kufurahisha, Wahabeshi nao wanahesabu saa kama sisi, asubuhi yao inaanza saa kumi na mbili na saa moja, ila kwenye mabango ya uwanja ni mtindo wa 24 kama kawaida.

Doha

*Umbali.* Dar mpaka Doha kama 3,820, Doha mpaka JFK kama 10,770. Jumla kama 14,590. Hii ndo ndefu kuliko zote nne, umeenda kaskazini mashariki kwanza wakati safari yako ni ya kaskazini magharibi, zaidi ya kilomita 2,000 za bure.

*Hewani.* Karibu masaa 6 mpaka Doha, kama 14 mpaka New York, jumla 20. Kurudi JFK mpaka Doha inashuka kwenye 12 na nusu hivi. Angalia pia kama ndege yako ya kutoka Dar haigusi Zanzibar au Kilimanjaro, zipo ratiba zinazofanya hivyo, na ikigusa ongeza saa moja na nusu.

Sasa mtu atauliza, kilomita 2,000 zaidi ya Nairobi halafu tofauti ya hewani ni kama masaa matatu na nusu tu, kwa nini watu wengi bado wanapita huku? Jibu ni kwamba ndege za kwenda JFK kutoka Doha ni zaidi ya moja kwa siku. Ukichelewa moja kuna nyingine. Na Qatar Airways wanashuka miji mingi ya Marekani moja kwa moja, Dallas, Houston, Chicago, Atlanta, Boston, Los Angeles, Seattle na mingine, kwa hiyo ambaye New York kwake ni njia tu anaweza kuiruka kabisa. Hili nitalirudia kwenye hali za watu kwa sababu ndo linabadilisha hesabu yote.

*Kusubiri.* Hamad ni uwanja wa kupitisha watu wa transiti, umejengwa kwa kazi hiyo, masaa mawili yanatosha na mtoto mkononi. Mabango yanasomeka, msikiti upo, vyumba vya kupumzika kimya vipo. Ukipata transiti ya masaa mawili au matatu safari nzima ni masaa 22 mpaka 23. Zile za masaa 14 pale zinachosha hata pakiwa pazuri vipi, dhahabu na manukato utayaangalia mara moja, mara ya pili umeshaboreka.

Kitu cha kuweka kichwani ni hali ya Ghuba. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga lake kwa masaa kadhaa, ndege zikageuzwa zikatua nchi nyingine na watu maelfu wakakwama. Kwa hiyo kabla ya kulipa sikiliza habari za wiki hiyo, na kama eneo limechafuka njia ya Afrika inakuwa na amani zaidi.

*Begi na makaratasi.* Begi linaenda moja kwa moja, viza ya Qatar huhitaji kama hutoki nje.

*Inamfaa nani.* Anayeenda mji mwingine wa Marekani. Familia yenye watoto wadogo wanaohitaji sehemu ya kukimbia katikati ya safari. Mtu anayetaka kufika mchana, kwa sababu zipo zinazoondoka Doha asubuhi na kutua New York kama saa tisa alasiri, mwenyeji wako anatoka kazini anakuja kukuchukua. Linganisha na ile ya Nairobi inayokutupa JFK saa kumi na mbili asubuhi, mwenyeji amelala na hoteli haikupi chumba mpaka saa tisa mchana.

Istanbul

*Umbali.* Dar mpaka Istanbul kama 5,460, Istanbul mpaka JFK kama 8,030. Jumla 13,490. Ni ya kati, kilomita 1,000 hivi juu ya mstari.

*Hewani.* Masaa 7 mpaka 7 na nusu, halafu kama 11. Jumla 18 na nusu. Hii imekaa karibu nusu kwa nusu kuliko zote, na kwa mwili wa binadamu hilo lina maana kubwa kuliko jumla yenyewe. Masaa 7 unalala, unashuka unanyoosha miguu unakula kitu cha moto, halafu 11. Hakuna kipande cha kukukatisha tamaa. Na hapa pia angalia kama ndege yako inagusa Zanzibar au Kilimanjaro.

*Kusubiri.* Uwanja mpya wa Istanbul ni mkubwa mno, kutoka geti moja mpaka jingine unaweza kutembea dakika 20 na zaidi, na kwa ndege za Marekani kuna maswali na ukaguzi wa ziada getini. Kwa hiyo transiti ya saa moja na robo hata kama mfumo umeikubali mimi singeinunua. Masaa matatu ni sawa. Turkish wana matembezi ya bure ya mjini kwa watu wa transiti ya kuanzia masaa 6 mpaka 24, ila kutoka nje ya uwanja kunategemea viza ya pasipoti yako, usione tangazo ukadhani mlango uko wazi kwa kila mtu.

*Begi na makaratasi.* Begi linapitiliza. Majira ya baridi, Desemba mpaka Februari, theluji inaweza kuvuruga pande zote mbili, Istanbul na New York, na hilo Nairobi na Doha zinalipata upande mmoja tu.

*Inamfaa nani.* Mtu mrefu, mtu mzito, mtu wa mgongo. Anayeshukia New Jersey pia, kwa sababu Turkish wanatua JFK na Newark vilevile. Na anayetaka saa tofauti za kufika, ndege za kwenda New York ni kadhaa kwa siku.

Mambo yanayokuhusu popote utakapopita

Ukitua mji wa kwanza wa Marekani, uwe unaishia hapo au unaendelea, unapita uhamiaji hapo, unachukua begi kwenye mkanda hapo, unapita forodha, ndo unalirudisha kwenye kaunta liendelee. Marekani haina transiti ya kukaa ndani tu kama Doha. Hata anayepita JFK kwenda Canada anatakiwa awe na ruhusa ya kuingia Marekani. Kwa hiyo JFK usiweke chini ya masaa matatu kama unaunganisha ndege ya ndani, foleni ya uhamiaji asubuhi ndege tano zikitua pamoja haina huruma. Chakula chochote ulichobeba kitaje kwenye tamko, nyama ya kukausha iache nyumbani.

Tiketi mbili tofauti, yaani umenunua Dar–Nairobi peke yake kwa bei ya chini halafu Nairobi–JFK peke yake, inaonekana ujanja na wakati mwingine inaokoa hela kweli. Ila ndege ya kwanza ikichelewa shirika la pili huna unachowadai, kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Begi pia unalichukua Nairobi mwenyewe, unatoka nje, unaanza upya. Ukifanya hivyo lala Nairobi usiku mmoja. Wa Arusha wanafanya hili kwa kupanda shato asubuhi kupitia Namanga, masaa matano sita, wanapanda ndege usiku, na kwao inaeleweka kwa sababu barabara haina ratiba ya kufutwa.

Sasa wewe uko wapi

Unaenda New York, una siku tano za mkutano, ofisi inalipa: Nairobi, na hakikisha kipande cha Dar ni cha jioni na tiketi ni moja.

Unaenda Columbus, Minneapolis, Dallas au Houston, ambako ndugu wengi wako: usikate tiketi ya JFK kwa sababu tu umezoea kulisikia jina. Dallas na Houston Doha au Istanbul zinakufikisha kwa kuunganisha mara moja. Minneapolis na Columbus utaunganisha mara mbili karibu kila njia, basi bora upite Chicago kuliko kwenda mashariki mpaka New York halafu urudi nyuma.

Unamsafirisha mama ambaye hajawahi kupanda ndege na anaongea Kiswahili tu: Nairobi, kwa sababu pale akipotea anauliza na anajibiwa. Omba kiti cha magurudumu kwenye buking hata kama anatembea vizuri, siyo kwa ajili ya miguu, ni kwa ajili ya mtu wa kumwongoza mpaka getini, JFK pia.

Una hela ya kubana na muda wa kutosha: weka njia zote nne pamoja mbele yako, panga kwa bei, halafu futa zenye transiti chini ya dakika 90 na zile za juu ya masaa 12 zisizo na hoteli. Mara nyingi kitakachobaki juu ni Addis au Istanbul, ingawa kuna misimu Doha inashuka chini ya wote.

Una watoto wawili chini ya miaka mitano: Istanbul au Doha, na chagua ile ambayo kipande kirefu kinaangukia usiku wao wa Dar, siyo usiku wa New York, maana miili yao haijui tiketi inasema nini.

Uko Zanzibar: usiende Dar kwanza kwa mazoea. Doha, Istanbul na Addis zinafikika kutoka Abeid Amani Karume, angalia hizo kabla ya kulipa boti na teksi.

Na kama unarudi, usilazimike kurudi ulikopita. Tiketi za kwenda njia moja na kurudi njia nyingine zipo ndani ya shirika moja na washirika wake, na kurudi ndo wakati ambao Addis kutoka Dulles inapendeza, maana kile kituo cha mafuta hakipo, unapanda Washington unashuka Bole, masaa matatu mengine uko Dar.